Sauti za Wazee katika Darasa la Chuo

Historia na Kiswahili vimefuatana kwa muda mrefu kuliko vitabu vyetu vya shule vinavyokubali. Kabla chuo kikuu chochote hakijafunguliwa katika Afrika ya Mashariki, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alikwisha kuandika kwa Kiswahili habari za watawala wa Usambara, nyingine alizozisikia kwa wenye kuzijua na nyingine alizozishuhudia mwenyewe. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa sehemu sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907. Naye Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, alipotunga utenzi wake wa vita vya Maji Maji, hakungoja nyaraka za serikali ya Kijerumani. Alitunga kwa habari zilizokuwa zikipita vinywani mwa watu wa kusini, na utenzi huo ukaja kutolewa upya na W. H. Whiteley mwaka 1957. Watu hawa hawakujiita wanahistoria, wala hapakuwa na aliyewafundisha namna ya kuhoji. Lakini kazi waliyoifanya ndiyo hiyo hiyo ambayo leo vyuo vyetu vinaifundisha kwa jina la historia simulizi.

Nayatanguliza haya kwa sababu wako walimu wenzetu, hasa sisi tulio katika nchi za jirani, yaani Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda, wanaodhani kwamba kukusanya masimulizi ya wazee ni kazi ya mwalimu wa historia peke yake, na kwamba mwalimu wa lugha huitwa mwishoni tu, kuja kusahihisha tahajia. Mimi naona kinyume cha hayo. Masimulizi ni maneno kabla hayajawa historia. Anayeyapokea vibaya maneno hataipata historia iliyomo ndani yake, hata awe na shahada ngapi.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya majina. Mzee akisimulia jinsi ukoo wake ulivyohama miaka mia tatu iliyopita, anatupa mapokeo: jambo asiloliona, alilolipokea kwa baba yake, naye baba kwa babu. Mzee huyo huyo akisimulia alivyoandikishwa kazi katika mgodi, anatupa ushuhuda wa maisha yake. Vitu hivi viwili havipimwi kwa mizani moja. Jan Vansina, Mbelgiji aliyeanza kazi yake kwa Wakuba wa Kongo mwaka 1953, kisha akafanya utafiti katika Rwanda na Burundi, ndiye aliyewalazimisha wanahistoria wa Ulaya wakubali kwamba mapokeo yanaweza kuchunguzwa kwa taratibu kali kama zile zinazotumiwa kuchunguza hati. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1961. Kwa wakati ule yalikuwa madai mazito, maana wengi waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia.

Mfano ulio bora wa kuyaingiza mambo haya katika mafunzo ya chuo ni ule wa Dar es Salaam, na sitaki kuupita haraka.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru wa Tanganyika. Idara yake ya historia, iliyoongozwa na Terence Ranger, ilijikuta katika shida ya ajabu. Ilipaswa kufundisha historia ya nchi ambayo habari zake zilizoandikwa zilikuwa karibu zote zimetoka katika kalamu za watawala. Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, vilionyesha shida hiyo kuliko jambo lingine lolote. Vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, mahali paitwapo Nandete, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Vilienea hadi Uzaramo, Ungindo, Mahenge na Ungoni. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria vifo kuwa 75,000. Gilbert Gwassa baadaye alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, walio wengi wakiwa wameuawa na njaa iliyofuata baada ya askari kuteketeza mashamba na maghala. Lakini ukitaka kujua watu waliopigana walifikiri nini, waliambiana nini, na habari ya dawa ya maji ilipitaje kutoka kijiji hata kijiji, ulikuwa na maelezo ya Gavana von Götzen na maofisa wake, ambao waliona tu njama ya waganga na machifu.

Gwassa alikwisha kuanza kuwahoji wazee wa Umatumbi na Kilwa. Pamoja na John Iliffe, mwalimu wa idara hiyo, alitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo kilichoweka hati za Wajerumani na maneno ya wazee bega kwa bega. Kisha mwaka 1968 kazi ikapanuliwa. Wanafunzi wa historia waliotoka katika wilaya zilizopigana walipewa maswali na maelekezo, wakarudi makwao wakati wa likizo kuwatafuta wale waliokuwa bado hai. Hebu tufanye hesabu. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa mzee wa miaka 78 mwaka 1968. Kama kazi ile ingecheleweshwa miaka kumi tu, wanafunzi wangekuta makaburi.

Ni nini kilichopatikana ambacho hakikuwamo katika majalada? Nitataja jambo moja linalotuhusu sisi watu wa lugha. Wazee wa Umatumbi walilitaja neno Njwiywila. Hilo lilikuwa jina la ule mnong'ono wa siri ulioenezwa mwaka 1904 na 1905, mtu akimnong'oneza mwenzake habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake, na huyo naye akipeleka mbele. Hakuna ofisa wa Kijerumani aliyeweza kuliandika neno hilo, maana kusudi lake lote lilikuwa kwamba yeye asilisikie. Lilihifadhiwa vinywani kwa miaka sitini na zaidi. Lilipofika katika daftari la mtafiti, mpango mzima wa vita ukabadilika sura: pale palipodhaniwa kuwa na fujo tu pakaonekana utaratibu wa kuwasiliana.

Baadhi ya kazi za wanafunzi zilistahili kuchapwa. Insha ya O. B. Mapunda na G. P. Mpangara juu ya vita hivyo katika Ungoni ilitolewa kama kitabu mwaka 1969. Tukumbuke kwamba hawa walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Insha nyingine zilikusanywa pamoja, na mpaka leo hapana mwanahistoria anayeandika juu ya Maji Maji bila kuzisoma.

Hata hivyo, si haki kuisifu kazi ile bila kuipima. Watafiti waliozirudia karatasi hizo baadaye, na kwenda tena vijijini, wameonyesha kwamba maswali ya mwaka 1968 yalikuwa na mwelekeo wake. Nchi ilikuwa changa, ikitafuta chimbuko la umoja wake. Basi maswali yalitafuta umoja, na aghalabu yaliupata. Thaddeus Sunseri, akiandika mwaka 1997 juu ya Uzaramo, alivuta macho yetu kwenye mambo ambayo hayakutiliwa mkazo: njaa, nguruwe mwitu walioharibu mashamba, na mivutano ya wanaume na wanawake juu ya kazi za shamba wakati wanaume walipokuwa mbali. Kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 kiliendelea na kazi hiyo kwa sehemu nyingine. Wazee hawakusema uongo mwaka 1968. Walijibu walichoulizwa. Mwanafunzi anayekwenda na karatasi ya maswali ishirini iliyokwisha kupangwa atarudi na majibu ishirini, na lile jambo la ishirini na moja, ambalo mzee alikuwa akilitamani alitaje, litabaki barazani.

Iko pia hatari ya maandishi kurudi katika masimulizi. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ilichapwa mwaka 1969, ikasomwa na vizazi vya wanafunzi. Mwandishi mwenyewe aliwatahadharisha wasomaji wasimchukue mhusika wake kuwa ndiye yule mtu wa historia. Wangapi walisikia tahadhari hiyo? Leo ukienda kusini ukamwuliza mtu wa makamo habari za vita, yumkini atakusimulia alichokisoma darasa la kumi na moja, tena kwa ufasaha kuliko babu yake. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye kuhoji, hata kabla ya jina na umri, lingekuwa: habari hii umeipata kwa nani?

Sasa tuje upande huu wetu, katika mji wa Lubumbashi, kwani huko historia simulizi ilitoka chuoni ikaingia mitaani, na lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukiwa mji wa shaba na reli. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Watu wa makabila hayo yote walihitaji lugha ya kusemeshana, nayo ikawa Kiswahili. Kuanzia mwisho wa miaka ya ishirini kampuni ilibadili siasa yake, ikataka mfanyakazi aje na mkewe, akae kwa mkataba mrefu, azae watoto kambini. Kampuni ikatoa nyumba, posho, shule na hospitali. Wazee walioishi katika kambi hizo huieleza kampuni kuwa ilikuwa baba yao na mama yao. Msomaji wa haraka ataliona jambo hili kuwa shukrani tu. Lakini baba hutoa chakula na pia hushika fimbo. Aliyezaliwa katika nyumba ile anajua yote mawili, na katika neno moja ameyasema yote mawili.

Fimbo hiyo ilionekana wazi tarehe 9 Desemba 1941, askari walipowapiga risasi wafanyakazi waliogoma na kukusanyika katika uwanja wa mpira. Hesabu ya waliokufa kwa mujibu wa serikali ya kikoloni na hesabu ya wakazi wa mji hazijapata kulingana. Kwa miaka mingi tukio hilo lilisimuliwa majumbani kuliko lilivyoandikwa vitabuni. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mjini humo, alilitia katika michoro yake ya historia ya nchi aliyoichora katika miaka ya 1973 na 1974, mia moja na moja kwa jumla. Hakuwa amesoma chuo. Alichora aliyoyasikia, kisha akayaeleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha mjini. Fabian alichapa michoro na mazungumzo hayo mwaka 1996.

Lakini kabla ya Tshibumba alikuwapo André Yav. Mwaka 1965 mtu huyu aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha hapo hapo, kwa niaba ya chama cha watu waliopata kuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, wale walioitwa maboyi. Karatasi zake zilipigwa taipu na kurudufiwa, zikazunguka mikononi mwa watu. Ndani yake mna historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani kwa bwana. Sijui kama ziko nchi nyingi ambamo watumishi wa nyumbani walikaa wakaandika historia yao wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, bila kuombwa na profesa.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilijenga juu ya msingi huo. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia chuoni hapo, kwa miaka mingi alichunguza maisha ya wafanyakazi wa Union Minière na ya Gécamines iliyoirithi baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967. Alitumia majalada ya kampuni na simulizi za wafanyakazi na familia zao. Mwaka 2008 alitoa kitabu kizima juu ya namna ya kufanya historia simulizi katika mji wa Afrika kwa kufuata njia ya Vansina. Jambo hili si dogo, kwa kuwa Vansina aliitengeneza njia yake kwa ajili ya mapokeo ya falme na vijiji, ambako kuna watunzaji wa habari wanaojulikana. Katika kambi ya wachimba shaba hapana mtunzaji wa habari. Kila mlango una historia yake, na jirani ana nyingine.

Kisha mwaka 2000 ukaanza mradi ulioitwa Kumbukumbu za Lubumbashi, kwa ushirikiano wa walimu wa chuo hicho na Bogumil Jewsiewicki, aliyekuwa akifundisha Québec, nchini Kanada. Wakati wake unaeleza mengi. Gécamines ilikuwa imeporomoka, mishahara ilichelewa miezi na miezi, na mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wangeachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Yule baba alikuwa anakufa. Katika hali hiyo, watu wa mjini waliombwa wasimulie, na tena walete vyombo vya nyumbani, picha na vitu vya kumbukumbu, ambavyo viliwekwa katika maonyesho mjini humo ili wenyewe waje wavitazame. Kitabu kimojawapo kilichotokana na mradi huo, cha mwaka 2001, kiliandikwa kwa Kifaransa lakini jina lake ni la Kiswahili: Ukumbusho.

Hilo la vyombo naliona kuwa na busara kubwa kwa mwalimu. Ukimwambia mama mzee, "Bibi, tusimulie maisha yako," huenda akakujibu kwamba hana la kusimulia, yeye alikuwa mke wa mtu tu. Ukimwekea mbele pasi ya mkaa ya zamani na kumwuliza aliipataje, utasikia habari za bei, za mume, za mafunzo ya kushona yaliyotolewa na kampuni, za jirani aliyeiazima asiirudishe. Wanawake wengi wamekosekana katika rekodi zetu kwa sababu waliulizwa maswali ya wanaume.

Yako masimulizi yanayomtia mashaka mwalimu kijana. Katika Lubumbashi watasimulia habari za batumbula, watu waliodaiwa kuwakamata wenzao usiku na kuwapeleka kwa Wazungu waliwe. Wasomaji wa pwani watawakumbuka mumiani, na wale wa Uganda watawakumbuka bazimamoto. Je, tuyaandike hayo? Mimi nasema tuyaandike, neno kwa neno. Luise White alikusanya masimulizi ya namna hii kutoka Afrika ya Mashariki na ya Kati katika kitabu cha mwaka 2000, akaonyesha kwamba yanatuambia jinsi watu walivyoiona kazi ya mshahara, magari yenye rangi ya kutisha na amri za usiku. Uvumi hauthibitishi kwamba mtu aliliwa. Unathibitisha kwamba watu waliishi katika mji ambamo jambo hilo liliaminika, na hilo nalo lahitaji maelezo.

Nimefika sasa kwenye jambo linalotugawanya sisi kwa sisi katika chama. Mwanafunzi amerudi na mazungumzo yake aliyoyanasa kwa simu ya mkononi. Mzee wa Katanga amesema "batu" mahali pa "watu", amesema "njo" mahali pa "ndiyo", amesema "tulikuwaka". Mwanafunzi anaketi kuyaandika. Je, ayaandike hivyo, au ayasahihishe?

Wako wanaosema asahihishe, na hoja yao si ya kudharauliwa. Sisi huku tumepigana kwa muda mrefu ili Kiswahili sanifu kipate nafasi shuleni. Mwanafunzi tunayemfundisha leo kusema "walikuwa" akiruhusiwa kesho kuandika "balikuwaka" katika kazi ya chuo, atauliza ni lipi lililo sahihi. Aidha, mzee mwenyewe anaweza kuona haya akisomewa maneno yake yalivyo, akidhani tumemfanyia mzaha.

Lakini tutazame neno moja tu. Kiambishi hicho cha mwisho katika "tulikuwaka" si kosa la ulimi. Ni mabaki ya sarufi ya Kibantu ya bara, nacho hueleza jambo lililokuwa la desturi, lililorudiwa siku zilizopita. Mzee anaposema kwamba walipataka posho kila wiki, anatuambia kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa siku zote. Ukiandika "walipata posho", umemfanya aseme jambo lililotokea mara moja. Mwanahistoria atakayesoma karatasi hiyo baada ya miaka hamsini, akitaka kujua kama posho ilikuwa ya kudumu au ya mara moja moja, hatajua kwamba mzee alikwisha kumjibu na mwalimu wa Kiswahili akalifuta jibu. Kwa hakika hapo usahihishaji unakuwa uharibifu wa ushahidi, hata kama kusudi lake ni jema.

Njia iliyo salama ni kuwa na maandishi mawili. La kwanza liandikwe kama lilivyosemwa, pamoja na kusita kwake, marudio yake, na maneno ya Kifaransa au Kiluba yaliyoingizwa. La pili liwe la Kiswahili sanifu, nalo lihesabiwe kuwa ni tafsiri, liandikwe jina la mfasiri. Hapo ndipo darasa la lugha linapopata kazi yake halisi. Sijaona zoezi linalomfundisha mwanafunzi sarufi ya nyakati kuliko kumtaka aeleze kwa maandishi ni kwa nini "tulipataka" ameifasiri "tulikuwa tukipata" na si "tulipata". Na mwanafunzi ambaye nyumbani husema hivyo hivyo kama mzee yule ataona, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba lugha ya mama yake ina kanuni, kwamba si Kiswahili kilichovunjika.

Kuhusu uzito wa kazi, nashauri chuo kianze kwa kiasi. Mwanafunzi mmoja, mzee mmoja, saa mbili za mazungumzo katika muhula mzima. Saa moja iliyonaswa huchukua saa nyingi kuandikwa. Anayewatuma wanafunzi kuhoji watu kumi kumi atapata marundo ya sauti zisizosikilizwa na mtu. Simu zetu zimerahisisha kunasa, lakini zimerahisisha kupoteza vile vile: simu ikiibwa au ikijaa, mzee amepotea. Nakala moja ibaki chuoni siku ile ile ya kurudi, pamoja na karatasi inayoeleza aliyesema ni nani, wapi, lini, kwa lugha gani, na nani wengine walikuwapo. Hili la waliokuwapo husahauliwa. Mzee anayezungumza mbele ya wanawe hasemi kama anayezungumza peke yake, na akizungumza mbele ya chifu husema namna ya tatu.

Tarehe zisitafutwe kwa kumbana mtu. Badala ya kuuliza, "Mwaka gani?", aulizwe kama ilikuwa kabla au baada ya nzige, ya njaa fulani, ya uhuru, ya mji kubadilishwa jina. Hata hizo alama za wakati zina mitego yake. Wanahistoria wa Uganda wamebishana sana juu ya kupatwa kwa jua kunakotajwa katika mapokeo ya vita vya Biharwe, wengi wakikuweka mwaka 1520 na wengine wakitia shaka. Na hesabu za wafalme wa falme kadhaa zimetundikwa juu ya tarehe hiyo moja kama nguo juu ya msumari.

Liko jambo zito zaidi, la madhara. Katika nchi zetu hizi kumbukumbu nyingine bado zina moto. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Katanga, wengi wao wakiwa wamezaliwa huko huko. Mwanafunzi akimhoji mtu aliyekuwapo, majina ya majirani yatatajwa, na hao majirani au watoto wao wangali mtaani. Kabla ya kinasa sauti kufunguliwa, mwenye kusimulia ajulishwe sauti yake itakwenda wapi na nani ataisikia, naye awe na haki ya kusema sehemu fulani ifungwe kwa muda au ifutwe kabisa. Kama mwalimu hawezi kulinda ahadi hiyo katika chuo chake, bora achague suala jingine: nyimbo za kazi, masoko, historia ya shule yenyewe. Haya nayo yana utajiri, na hayamtoi mtu roho.

Na kilichochukuliwa kirudi. Katika Songea, kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906 hukumbukwa kila mwaka, na liko jumba la makumbusho la vita hivyo, ambako wajukuu huenda kutazama. Si kila chuo kitaweza kujenga jumba. Lakini kila chuo kinaweza kuchapa nakala mbili za mazungumzo na kumpelekea mzee moja, na mwanafunzi akaketi akamsomea kwa sauti mbele ya nyumba yake. Mara nyingi hapo ndipo mzee husema, "La, hapo sikusema hivyo," na mazungumzo ya pili, yaliyo bora, yakaanza.

Kusoma kwa sauti kuna faida nyingine, nayo Fabian aliijua alipokuwa akitayarisha maandishi ya André Yav kwa ajili ya kitabu alichokitoa mwaka 1990. Karatasi zile zilikuwa ngumu kusomeka: maneno yameunganishwa au yamekatwa pasipo kanuni, nukta hazipo mahali pake. Alimwomba Kalundi Mango, mzaliwa wa lugha ile, azisome kwa sauti mbele ya kinasa sauti. Yaliyokuwa fumbo kwa jicho yalifunguka kwa sikio, kwani Yav alikuwa ameandika kama mtu anavyosema. Walimu wanaweza kulijaribu jambo hili kesho asubuhi kwa barua yoyote ya zamani iliyoandikwa na mtu asiyesoma sana, ambayo familia imekubali itumike. Mwanafunzi mmoja na aisome kimoyomoyo na kueleza amefahamu nini. Kisha mwingine, aliyekulia katika lafudhi ile, aisome kwa sauti, wenzake wakiwa wameshika kalamu.